Tangu Geneva hadi Mombasa: Historia ya Shirika la Bahari Duniani na Elimu ya Usalama Majini

Tarehe 6 Machi 1948, wajumbe wa serikali waliokutana mjini Geneva kwa mwaliko wa Umoja wa Mataifa walipitisha mkataba wa kuunda taasisi ya kudumu ya kusimamia usafiri wa meli duniani. Taasisi hiyo leo ni Shirika la Bahari Duniani, kwa kifupi IMO, lenye makao yake London na nchi wanachama 176. Hatua kwa hatua shirika limekuja kubeba mambo matatu ambayo kila msafiri wa majini huyategemea hata asipoyajua: usalama, yaani kuzuia ajali na kuokoa maisha, ulinzi, yaani kukinga meli na bandari dhidi ya watu wenye nia ya kudhuru, na uopoaji, yaani kazi ya kunusuru meli na shehena iliyo hatarini, au kuondoa mabaki yake pale inaposhindikana kuinusuru. Historia ya IMO husimuliwa mara nyingi kama mfululizo wa mikataba, na ni kweli kwamba mikataba ndiyo matunda yake yanayoonekana. Hata hivyo, anayeifuatilia kwa karibu hukuta ndani yake jambo zito zaidi: shirika lililoanzishwa ili kuandika kanuni lilijifunza, kwa gharama ya roho nyingi, kwamba kanuni haimwokoi mtu mpaka apatikane mjuzi wa kuitekeleza.

Bahari kabla ya shirika

Bahari kuu haina mwenyewe, na kwa karne nyingi kila jamii ya mabaharia ilisafiri kwa elimu yake na kwa desturi zake. Manahodha wa Bahari ya Hindi, waliofuata pepo za kaskazi na kusi kati ya Lamu, Mombasa, Unguja, Maskati na pwani za Bara Hindi, walikuwa na maarifa ya nyota, mikondo na misimu ambayo mwanagenzi aliyapata chomboni, kwa kukaa miaka mingi karibu na mkubwa wake. Meli za mvuke zilipoingia katika karne ya 19 zilibadili hali hiyo, kwa kuwa ziliongeza kasi, ukubwa na idadi ya abiria upesi kuliko sheria za nchi moja moja zilivyoweza kufuata, na meli za mataifa mbalimbali zikawa zinapishana katika njia zilezile zenye shughuli nyingi bila kuwa na kanuni moja.

Ajali ya Titanic, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912 na kuua zaidi ya watu 1,500, ndiyo iliyoyalazimisha mataifa kuketi pamoja. Meli hiyo haikuwa imevunja sheria ya boti za kuokolea, kwani kanuni za Uingereza, ambazo hazikuwa zimefuata ukuaji wa meli tangu miaka ya 1890, ziliitaka iwe na boti 16 tu, nayo ilibeba 20. Tatizo lilikuwa kwamba boti hizo zote kwa pamoja zilikuwa na nafasi ya watu 1,178, ilhali waliokuwamo melini walikuwa takribani 2,200. Meli nyingine, Californian, ilikuwa imesimama katika barafu si mbali na hapo, lakini mtumishi wake pekee wa redio alikuwa amekwisha kulala, na wito wa dhiki haukusikika. Kwa hiyo mkutano wa London uliomalizika tarehe 20 Januari 1914 ulipitisha mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kote duniani kwa jina la SOLAS, ulioagiza kwamba kila aliyemo melini awe na nafasi katika boti ya kuokolea, kwamba zamu ya redio isikatike usiku wala mchana, na kwamba barafu ya Atlantiki ya Kaskazini ichunguzwe daima kwa manufaa ya meli zote.

Vita Kuu ya Kwanza ilizuka kabla mkataba huo haujaanza kutumika, na ingawa SOLAS ya pili ilitungwa mwaka 1929 na ya tatu mwaka 1948, kasoro moja ilibaki palepale. Kila mkataba ulikuwa kazi ya mkutano uliokuja na kuondoka, na baada ya wajumbe kutawanyika hapakubaki taasisi ya kuulea, kuurekebisha wala kuuliza kama unatekelezwa. Pengo hilo ndilo lililokusudiwa kuzibwa mjini Geneva.

Miaka kumi ya kusubiri

Mkataba wa Geneva uliweka sharti kwamba shirika lisianze kazi hadi nchi 21 ziwe zimejiunga, na kati ya hizo nchi saba ziwe na meli zenye jumla ya tani za ujazo zisizopungua milioni moja kila moja. Tani za ujazo ni kipimo cha ukubwa wa nafasi ya ndani ya meli, wala si uzito wake. Nchi nyingi zenye meli zilisita, kwa hofu kwamba shirika lingeingilia biashara na nauli, na sharti hilo likachukua miaka kumi kutimia. Mkataba ulianza kutumika tarehe 17 Machi 1958, na Baraza Kuu la kwanza likakutana London mwezi Januari 1959. Hata jina la awali lilibeba hofu hiyo, kwa kuwa lililiita shirika hili la ushauri tu, na neno hilo liliondolewa mwaka 1982 lilipopewa jina linalotumika hadi leo.

Mtihani wa kwanza ulitokea ndani ya nyumba yenyewe. Mkataba uliagiza kwamba Kamati ya Usalama wa Bahari, ambayo ndiyo moyo wa shirika, iwe na nchi zisizopungua nane zenye meli nyingi kuliko nyingine, lakini katika uchaguzi wa mwaka 1959 Liberia na Panama ziliachwa nje kwa hoja kwamba meli zilizosajiliwa kwao zilikuwa mali ya wageni. Suala hilo lilipelekwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo tarehe 8 Juni 1960 ilitoa maoni kwamba kamati hiyo haikuundwa kwa mujibu wa mkataba. Kwa uamuzi huo Liberia, nchi ya Afrika, ilitambuliwa haki yake ya kukaa katika meza ambayo kanuni za usalama zilitungwa, na shirika likafundishwa mapema kwamba nalo pia linabanwa na sheria. Nchi za Afrika Mashariki zilijiunga baadaye kidogo, Kenya mwaka 1973 na Tanzania mwaka 1974.

Wahenga walionya kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwa miaka ya mwanzo onyo hilo lilionekana kulihusu shirika moja kwa moja. SOLAS ya mwaka 1960 ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza, lakini marekebisho yake yalihitaji kukubaliwa rasmi na theluthi mbili za nchi wanachama, nazo serikali zilichelewa mno hata hakuna rekebisho hata moja lililopata kutumika. Dawa ilipatikana katika SOLAS mpya ya tarehe 1 Novemba 1974, iliyoanzisha utaratibu wa ukubalifu wa kimya: rekebisho hupangiwa tarehe, na tarehe hiyo ikifika bila idadi maalumu ya nchi kupinga, linakuwa sheria kwa wote isipokuwa waliotoa taarifa ya kulikataa. Utaratibu huo, ambao kwa mtazamo wa haraka ni jambo dogo la kiofisi, ndio uliofanya mkataba uliotungwa nusu karne iliyopita uendelee kwenda sambamba na meli za leo.

Mafuta yaliyofungua macho

Tarehe 18 Machi 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon ilipanda mwamba wa Seven Stones, karibu na visiwa vya Scilly, kusini-magharibi mwa Uingereza, ikiwa na takribani tani 120,000 za mafuta ghafi. Waopoaji kutoka Uholanzi walijaribu kuinasua, mmoja wao akauawa na mlipuko melini, na hatimaye serikali ya Uingereza ikaamuru ndege za kivita ziipige mabomu ili mafuta yaliyobaki yateketee. Hapakuwa na sheria ya kimataifa iliyosema wazi kama nchi ya pwani inaweza kuingilia kati meli ya kigeni iliyo nje ya mipaka yake, wala nani alipe hasara ya wavuvi na wakazi wa pwani. Shirika lililokuwa likishughulikia boti za kuokolea na taa za meli lilijikuta likiunda Kamati ya Sheria, na katika miaka michache ikapatikana mikataba ya mwaka 1969 kuhusu haki ya nchi kuingilia kati na kuhusu fidia, kisha mkataba wa mwaka 1973 wa kuzuia meli kuchafua bahari, uliokamilishwa kwa itifaki ya mwaka 1978 na unaojulikana kwa jina la MARPOL.

Kutoka kanuni hadi elimu

Wakati mikataba hiyo ikiandikwa, uchunguzi wa ajali moja baada ya nyingine ulikuwa ukionyesha kwamba chuma na mitambo mara nyingi havikuwa chanzo, bali chanzo kilikuwa uamuzi wa mtu aliyechoka, asiyefunzwa vya kutosha, au aliyepewa cheti bila ujuzi. Tarehe 7 Julai 1978 shirika lilipitisha mkataba wa viwango vya mafunzo, utoaji wa vyeti na ukaaji zamu wa mabaharia, unaojulikana kama STCW, ambao ulikuwa wa kwanza kuweka duniani kote kiwango cha chini cha elimu ambacho nahodha, afisa au fundi wa injini anapaswa kuwa nacho kabla ya kukabidhiwa zamu. Udhaifu wake ulikuwa kwamba uliachia kila nchi ipime yenyewe kama imetimiza viwango hivyo, na marekebisho makubwa ya mwaka 1995 yaliondoa uhuru huo kwa kuzitaka nchi zipeleke London ushahidi wa jinsi vyuo vyao vinavyofundisha na kutahini. Kuanzia mwaka 2000 shirika lilichapisha orodha ya nchi zilizothibitika kutekeleza mkataba kikamilifu. Mwaka 2010, katika mkutano wa Manila, mkataba ulifanyiwa tena mapitio makubwa, na tarehe ya kupitishwa kwake, 25 Juni, ikafanywa kuwa Siku ya Baharia duniani.

Aliyeiona haja ya elimu kwa uwazi zaidi alikuwa Chandrika Prasad Srivastava wa India, Katibu Mkuu kuanzia mwaka 1974 hadi 1989. Nchi nyingi zilizokuwa zimepata uhuru zilitia saini mikataba bila kuwa na wakaguzi wa kupanda melini, wanasheria wa kuandaa miswada wala walimu wa kufundisha mabaharia, na bila watu hao saini zilibaki wino juu ya karatasi. Tarehe 4 Julai 1983 Chuo Kikuu cha Bahari Duniani kilifunguliwa mjini Malmö, Sweden, kutoa shahada za uzamili kwa maofisa wa mamlaka za bahari, bandari na vyuo, hasa kutoka nchi zinazoendelea. Na mwaka 1988 ilianzishwa nchini Malta taasisi ya sheria za bahari ya kufundisha wanasheria wa serikali. Mwaka huohuo shirika lilianza mpango wa kuwapatia wanawake mafunzo na nafasi katika sekta ambayo kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ya wanaume peke yao, na matunda yake yamefika Afrika Mashariki, kwani jumuiya ya wanawake wa sekta ya bahari wa Mashariki na Kusini mwa Afrika, WOMESA, ilianzishwa Mombasa mwaka 2007.

Ajali ya feri Herald of Free Enterprise iliongeza somo jingine. Tarehe 6 Machi 1987 feri hiyo iling'oa nanga katika bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya omo ikiwa wazi, ikaingiwa na maji na kupinduka katika dakika chache, na watu 193 wakafa. Msaidizi wa serahangi aliyepaswa kuifunga milango alikuwa amelala, lakini uchunguzi haukuishia kwake; ulipanda hadi ofisi za kampuni na kukuta kwamba uzembe ulikuwa umeenea kutoka juu hadi chini, na kwamba ombi la kuwekewa taa ya kumwonyesha nahodha hali ya milango lilikuwa limepuuzwa. Kutokana na somo hilo shirika lilitunga mwaka 1993 kanuni za usimamizi salama, zinazoitwa ISM, ambazo tangu tarehe 1 Julai 1998 zinazibana kampuni za meli ziwe na utaratibu ulioandikwa na mtu wa nchi kavu anayeweza kumfikia mkurugenzi mkuu moja kwa moja kuhusu usalama. Tangu hapo ujuzi haukudaiwa tena kwa aliye melini peke yake, bali hata kwa anayemtuma baharini.

Ujira wa mwopoaji

Uopoaji ni taaluma kongwe yenye desturi yake ya malipo. Mtu anayejitolea kunusuru mali ya mwingine baharini hastahili ujira wowote akishindwa, lakini akifaulu hulipwa sehemu ya thamani ya kilichonusurika, na kanuni hiyo iliwekwa katika mkataba wa Brussels wa mwaka 1910. Ilifaa sana wakati hasara kubwa ya ajali ilikuwa meli na shehena. Meli za mafuta zilipokua, ilionekana kwamba ina kasoro, kwa sababu mwopoaji mwenye busara ya biashara angeikwepa meli chakavu yenye mafuta mengi, ambayo uwezekano wa kuinusuru ni mdogo ilhali madhara yake kwa pwani ni makubwa.

Meli ya mafuta Amoco Cadiz ilidhihirisha hatari hiyo. Asubuhi ya tarehe 16 Machi 1978 usukani wake uliharibika karibu na pwani ya Brittany, Ufaransa, na meli ya kukokota iitwayo Pacific ikaja kuisaidia. Saa kadhaa zilipita huku masharti ya mkataba wa uopoaji yakijadiliwa, na kama majadiliano hayo yaliathiri kazi yenyewe au la ni jambo lililobishaniwa kwa miaka mingi. Kamba zilikatika katika bahari chafu, meli ikapanda mwamba usiku huo, na zaidi ya tani 220,000 za mafuta zikamwagika. Kamati ya Sheria ya IMO ililichukua jambo hilo, na tarehe 28 Aprili 1989 ukapitishwa Mkataba wa Kimataifa wa Uopoaji, ulioanza kutumika mwaka 1996.

Mkataba huo ulifanya mambo mawili. La kwanza ni kwamba ulitaja vigezo vya kupima ujira, na miongoni mwake ukaweka wazi ujuzi na bidii ya waopoaji katika kunusuru meli, mali na maisha, na katika kuzuia madhara kwa mazingira, pamoja na utayari wa vifaa vyao, hivyo elimu ya mwopoaji ikapewa thamani ya kisheria. La pili ni kwamba uliweka fidia maalumu kwa anayefanya kazi katika meli inayotishia mazingira: hata asipoiokoa meli atarudishiwa gharama zake, na akifaulu kupunguza madhara anaweza kuongezewa hadi asilimia 30 na, katika hali maalumu, hadi asilimia 100 ya gharama hizo. Mwaka 1997, katika shauri la meli Nagasaki Spirit, mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba kiwango cha gharama hizo hakijumuishi faida, na waopoaji, wenye meli na kampuni za bima wakakubaliana mwaka 1999 juu ya kifungu cha hiari, kiitwacho SCOPIC, chenye viwango vya malipo vilivyopangwa tangu mwanzo. Shabaha ya yote hayo ilikuwa moja, kwamba wataalamu wachache wenye vyombo, wapiga mbizi na wahandisi waliokaa tayari wasifilisike katika miaka isiyo na ajali.

Suala la mabaki ya meli zilizozama lilipata jibu lake katika ardhi ya Afrika Mashariki. Tarehe 18 Mei 2007, katika ofisi za Umoja wa Mataifa mjini Nairobi, ulipitishwa Mkataba wa Kimataifa wa Nairobi wa Uondoaji wa Mabaki ya Meli, unaompa mwenye meli wajibu wa kutoa taarifa, kugharamia alama na kuondoa mabaki yanayohatarisha meli nyingine au mazingira katika eneo la kiuchumi la nchi ya pwani, ambalo hufika maili 200 za baharini. Unazitaka pia meli zenye tani za ujazo 300 au zaidi ziwe na bima ya kugharamia kazi hiyo. Ulianza kutumika tarehe 14 Aprili 2015, na umuhimu wake ni mkubwa kwa nchi ambazo zamani ziliachiwa mabaki yakioza milangoni mwa bandari zao huku mwenye meli hajulikani aliko.

Ulinzi wa meli na bandari

Kwa miaka mingi shirika liliichukulia hatari ya bahari kuwa ni mawimbi, moto, ukungu na makosa ya binadamu. Mwezi Oktoba 1985 watu wenye silaha waliiteka meli ya abiria Achille Lauro karibu na pwani ya Misri na kumuua abiria mmoja, na ikadhihirika kwamba sheria ya uharamia, inayozungumzia meli moja kuishambulia nyingine kwa faida binafsi, haikuwahusu watekaji waliopanda kama abiria kwa lengo la kisiasa. Mkataba wa Roma wa tarehe 10 Machi 1988 uliziba pengo hilo kwa kuzitaka nchi zimshtaki mtuhumiwa au zimkabidhi kwa nchi itakayomshtaki.

Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 nchini Marekani, shirika lilitunga, na kupitisha mwezi Desemba 2002, kanuni za ulinzi wa meli na bandari, zinazojulikana kama ISPS, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Kanuni hizo ziliweka ngazi tatu za tahadhari, zikaagiza kila meli ya safari za kimataifa inayohusika iwe na afisa wa ulinzi na mpango wake, na kila gati linaloipokea vivyo hivyo. Mageti, vitambulisho na ukaguzi ambao wafanyakazi wa bandari za Mombasa, Tanga na Dar es Salaam wameuzoea leo unatokana na kanuni hizo.

Uharamia wa pwani ya Somalia ulileta jaribio lililowagusa Waswahili moja kwa moja. Mwaka 2008 maharamia waliiteka Faina, iliyokuwa ikielekea Mombasa na vifaru 33, kisha Sirius Star, meli kubwa ya mafuta ya Saudi Arabia, mamia ya maili kutoka Mombasa. Tarehe 29 Januari 2009, chini ya uratibu wa IMO, nchi za eneo hilo zilipitisha Kanuni za Maadili za Djibouti, na Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwa zilizotia saini siku ileile. Vituo vya kubadilishana taarifa viliwekwa Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a, na Djibouti ikapewa kituo cha mafunzo. Manowari za mataifa makubwa zilifanya doria, lakini zilikuwa wageni ambao siku moja wangeondoka, ilhali maofisa waliofunzwa kuchambua taarifa, kuhifadhi ushahidi na kuendesha mashtaka ndio wangebaki. Mwaka 2017, mjini Jeddah, kanuni hizo zilipanuliwa zihusu pia usafirishaji haramu wa watu na dawa za kulevya na uvuvi haramu.

Mombasa, Dar es Salaam na maji ya ndani

Mkataba wa Hamburg wa tarehe 27 Aprili 1979 ulikusudia kwamba popote ajali itokeapo baharini pawe na kituo kinachojulikana kuwa na wajibu wa kuratibu utafutaji na uokoaji. Afrika ilichelewa kufaidika nao kwa kukosa vituo, hadi mkutano wa Florence wa mwaka 2000 ulipokubaliana kuwa na vituo vikuu vitano vya kanda barani. Cha kwanza kufunguliwa kilikuwa cha Mombasa, mwaka 2006, kilichokusudiwa kuhudumia bahari ya Kenya, Tanzania, Ushelisheli na Somalia kwa kushirikiana na vituo vidogo kikiwemo cha Dar es Salaam. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1978 kama kitengo cha mafunzo na kupewa hadhi ya taasisi kwa sheria ya mwaka 1991, kimebeba kwa upande wa Tanzania mzigo wa kufundisha mabaharia kwa viwango vya STCW.

Pamoja na mafanikio hayo, lipo pengo ambalo kumbukumbu ya shirika hili haiwezi kuliruka. SOLAS huhusu meli za safari za kimataifa, na safari nyingi zinazowaua watu wa Afrika Mashariki ni za ndani: kivuko cha Mtongwe kilichozama Mombasa tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu 272, MV Bukoba iliyopinduka katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia, MV Spice Islander iliyozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba tarehe 10 Septemba 2011, MV Nyerere iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Katika vyombo hivyo chanzo kinachojirudia ni kupakia kupita kiasi, jambo ambalo halihitaji mkataba mpya ili lijulikane, bali linahitaji mkaguzi aliyefunzwa, mwenye mamlaka ya kuzuia chombo kisiondoke, na mwajiri atakayemtetea akifanya hivyo.

Ajali ya MV Bukoba ina somo la uopoaji ambalo halipaswi kusahaulika. Meli ilibaki ikielea kifudifudi huku baadhi ya abiria wakiwa hai ndani yake, na wakati wa juhudi za kuwatoa, mwili wake ulitobolewa, hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, nayo ikazama. Waliokuwapo hawakukosa ushujaa wala huruma. Kilichokosekana ni elimu ya jinsi meli iliyopinduka inavyoelea, na vifaa vya kuifanyia kazi bila kuitoboa. Miaka 22 baadaye, katika ajali ya MV Nyerere, wapiga mbizi walimtoa mtu mmoja akiwa hai siku mbili baada ya kivuko kupinduka, na baada ya siku kadhaa kivuko chenyewe kikasimamishwa wima. Vifo vilikuwa vingi mno kwa mtu yeyote kuliita jambo hilo mafanikio, lakini ni ushahidi kwamba kujua mahali hewa inapojificha ndani ya chombo, na kuwa na watu wa kuifuata, huleta tofauti kati ya uhai na mauti.

Shirika limelitambua pengo la safari za ndani, na mwaka 2022 Kamati yake ya Usalama wa Bahari ilipitisha kanuni za mfano za usalama wa vivuko vya ndani, ambazo nchi yoyote inaweza kuzitumia kutunga sheria zake. Kanuni hizo si za lazima, hivyo dhamana imerudi nyumbani, kwa mabunge, mamlaka za bahari za Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar, na wenye vyombo wenyewe.

Mwaka 2023, shirika lilipotimiza miaka 75 tangu mkataba wake upitishwe, ilifanyika katika Bahari ya Shamu kazi iliyoonyesha vizuri elimu hii imefika wapi. Meli kuukuu ya kuhifadhia mafuta iitwayo Safer, iliyotelekezwa pwani ya Yemen kwa sababu ya vita, ilihamishwa zaidi ya mapipa milioni 1.1 ya mafuta kati ya mwezi Julai na Agosti, katika mpango ulioongozwa na Umoja wa Mataifa, huku IMO ikisaidia maandalizi ya kukabiliana na mwago na kampuni ya waopoaji ikiifanya kazi yenyewe. Wavuvi wa Yemen na Eritrea waliendelea kuvua, na kwa kuwa hakuna kilichomwagika, habari hiyo haikukaa sana magazetini. Uzuiaji ukifanywa vizuri hauna picha ya kutisha, na kwa sababu hiyo ni rahisi kunyimwa fedha.

Historia ya IMO kwa hiyo inazidai nchi za Afrika Mashariki jambo lililo wazi. Kutia saini mkataba ni hatua ya kwanza, na nchi hizi zimetia saini nyingi. Hatua inayofuata ni kuajiri wakaguzi wa kutosha katika kila gati la bahari na ziwa, kuvipa vyuo vya bahari meli za mafunzo na walimu, kuunda vikosi vya uopoaji vyenye wahandisi na wapiga mbizi waliofunzwa kabla ya ajali, na kuhakikisha kwamba afisa anayekizuia chombo kilichozidiwa na mzigo hapotezi kazi yake. Fedha za mambo hayo ni kidogo kuliko gharama ya msiba mmoja, na elimu ya kuyatekeleza imekwisha kupatikana, kwa kuwa vizazi vya mabaharia, wanasheria na waopoaji wa mataifa yote wameikusanya kwa miaka zaidi ya 75; kinachobaki ni uamuzi wa kuitumia kwa abiria wa kivuko cha Ukara kwa uzito uleule inaotumiwa kwa abiria wa Atlantiki.